Kijiji Kinapopitiwa na Barabara Kuu: Mwenendo wa Ajali Handeni na Korogwe

Wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, zimekaa mahali ambapo njia nyingi hukutana. Barabara itokayo Dar es Salaam kupitia Chalinze huingia Handeni, hupita Mkata, Kabuku na Michungwani, kisha hufika Segera. Hapo hugawanyika: mkono mmoja huelekea Hale, Muheza na Tanga mjini, na mwingine huelekea Korogwe, Mombo, Same, Moshi na Arusha. Ziko pia barabara za lami zinazouunganisha mji wa Handeni na Mkata kwa upande mmoja, na mji huo huo na Korogwe kwa upande wa pili.

Barabara hizi zimeleta neema isiyokanushika. Machungwa hupata wanunuzi kando ya lami, mgonjwa hufikishwa hospitali mapema, na mkulima hujua bei ya mahindi kabla hajayapakia. Hata hivyo, barabara iliyojengwa kwa ajili ya safari ndefu hupita katikati ya makazi ya watu wenye safari fupi: mtoto aendaye shule, mama aendaye gulioni, kijana wa bodaboda anayevuka kumfuata abiria. Safari hizo mbili zinapokutana bila utaratibu, huzaa ajali. Katika makala haya tunaeleza namna ajali hizo zinavyotokea, kwa nini hujirudia, na mambo ambayo wewe, mwanakijiji au abiria, una uwezo na haki ya kuyafanya.

Ajali hufuata mkondo

Wengi wetu husema kwamba ajali haina kinga. Maneno hayo huwafariji wafiwa, lakini huficha ukweli mmoja muhimu: ajali nyingi hufanana. Hutokea mahali pale pale, saa zile zile, na kwa makosa yale yale. Jambo linalojirudia hutabirika, na linalotabirika huweza kuzuiwa.

Mkondo wa kwanza ni wa magari kugongana uso kwa uso. Usiku wa tarehe 3 Februari 2023, eneo la Magila Gereza wilayani Korogwe, lori aina ya Fuso liligongana na Coaster iliyokuwa imebeba waombolezaji waliokuwa wakisafirisha mwili wa marehemu kutoka Dar es Salaam kuelekea mkoani Kilimanjaro. Watu 17 waliripotiwa kufa katika taarifa za mwanzo, na idadi hiyo ikaongezeka baadaye. Taarifa za viongozi zilitaja mwendokasi pamoja na jaribio la kulipita gari la mbele. Barabara hizi zina njia moja ya kwenda na moja ya kurudi. Dereva anayelipita lori refu huwa ameazima njia ya mwenzake, na usiku hawezi kujua kwa hakika taa anazoziona mbele ziko umbali gani wala zinakuja kwa kasi gani.

Mkondo wa pili huwagusa wanavijiji moja kwa moja, nao ni wa ajali inayozaliwa na ajali nyingine. Mwezi Januari 2025, katika eneo la Segera wilayani Handeni, watu walikusanyika usiku kwenye gari lililokuwa limepata ajali. Lori likaja na kuwagonga. Watu 11 walipoteza maisha. Walifikwa na mauti kwa sababu walikuwa wamesimama mahali ambapo dereva aliyekuwa akija hakutarajia kukuta watu, na wapo waliokuwa wamefika hapo kwa nia ya kusaidia.

Mkondo wa tatu hauandikwi sana magazetini kwa sababu huua mmoja mmoja: mwenda kwa miguu anayegongwa akivuka, mwendesha baiskeli anayeguswa na tela, dereva wa bodaboda anayeingia barabara kuu kutoka njia ya vumbi bila kusimama. Vifo vya namna hii huonekana vidogo vikitajwa kimoja kimoja, ilhali Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka duniani, na kwamba ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wenye umri wa kuanzia miaka 5 hadi 29. Zaidi ya nusu ya wanaokufa ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na wapanda pikipiki.

Kwa nini mwendo ndio kiini

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, huweka ukomo wa kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi yaliyowekewa alama, na kilomita 80 kwa saa kwa magari makubwa, yakiwemo mabasi ya abiria, nje ya maeneo hayo. Madereva wengi hukiona kibao cha 50 kuwa mtego wa tochi za trafiki. Tueleze maana yake halisi.

Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa husafiri takriban mita 14 kila sekunde. Dereva anapomwona mtoto ameingia barabarani, hupita kama sekunde moja kabla mguu haujakanyaga breki. Baada ya hapo gari dogo lenye breki nzima, juu ya lami kavu, huhitaji mita nyingine 14 hivi ili lisimame. Jumla ni mita 28. Katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa, sekunde ile moja peke yake humeza mita 22, na breki huhitaji mita zipatazo 35. Jumla hukaribia mita 57. Basi au lori lililopakia huhitaji zaidi ya hapo, na mvua huongeza umbali huo.

Maana yake ni kwamba mtoto aliye umbali wa mita 30 hunusurika mbele ya gari la mwendo wa 50. Mbele ya gari la mwendo wa 80 hugongwa kabla breki hazijapunguza kasi kwa kiasi cha kutosha. Kwa hiyo, kibao kile kinalinda uhai wa watu wanaoishi pale. Kulegeza mwendo kwa kilomita mbili za kijiji humgharimu dereva chini ya dakika moja.

Mambo ya kufanya kijijini

Kwanza, tuchague mahali pa kuvuka. Tuvuke penye kivuko chenye alama za pundamilia kikiwepo, na kisipokuwepo, penye nafasi ya kuona mbali pande zote mbili. Tusivuke mbele au nyuma ya basi lililosimama, kwa kuwa basi hilo humziba dereva anayekuja. Watoto wadogo washikwe mkono wavukapo. Usiku, nguo nyeupe au kitambaa chenye kuakisi mwanga huonekana mapema kuliko nguo nyeusi.

Pili, tuiache hifadhi ya barabara iwe wazi. Meza za machungwa, vijiwe vya bodaboda na magari yaliyoegeshwa ukingoni mwa lami huwasukuma waenda kwa miguu kuingia barabarani, na huwafanya wachuuzi wawe wa kwanza kugongwa gari linapoacha njia. Biashara ikae nyuma, mahali ambapo gari la mteja linaweza kutoka kabisa barabarani.

Tatu, tuwe na utaratibu wa kutoa msaada ajali inapotokea. Mtu mmoja apige simu Polisi, namba 112, na palipo na moto, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, namba 114. Wengine wawili waende pande zote mbili za barabara, mbali na ajali, wakiwa pembeni kabisa mwa lami, ili kuwaashiria madereva wapunguze mwendo kwa tochi au kitambaa cheupe. Pembetatu za tahadhari ziwekwe mapema. Wanaookoa majeruhi wawe wachache. Wengine wote warudi nyuma. Palipoanguka gari la mafuta, mtu yeyote asisogee. Tarehe 10 Agosti 2019, eneo la Msamvu mjini Morogoro, watu zaidi ya 100 walikufa baada ya lori la mafuta lililopinduka kulipuka huku watu wakichota mafuta.

Nne, kijiji kiandike. Serikali ya kijiji iwe na daftari linaloonyesha tarehe, saa, mahali na namna ya kila ajali, hata ile ambayo haikuua. Ombi la matuta, alama au kivuko lina nguvu zaidi likiambatana na kumbukumbu hizo pamoja na muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji. Kwa barabara kuu na za mkoa, ombi hupelekwa kwa Wakala wa Barabara, TANROADS. Kwa barabara za wilaya, hupelekwa TARURA. Nakala ibaki kijijini, na diwani apewe yake.

Mambo ya kufanya ukiwa abiria

Abiria aliyelipa nauli ni mteja, na usalama ni sehemu ya huduma aliyoilipia. Basi linapokimbizwa, au linapoyapita magari mahali penye mstari usiokatika, una haki ya kusema. Sema kwa adabu na kwa sauti ya kusikika, na washirikishe abiria wenzako. Dereva hupuuza sauti ya mtu mmoja kwa urahisi kuliko sauti za watu kumi. Asiposikia, andika namba ya gari, saa na mahali, kisha toa taarifa kwa askari wa usalama barabarani au kwa Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA. Mabasi ya masafa marefu yamefungwa kifaa cha kufuatilia mwendo, hivyo taarifa yenye saa na mahali huweza kulinganishwa na kumbukumbu za kifaa hicho. Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa kusafiri usiku, na jicho la abiria linahitajika zaidi kwa dereva anayesinzia.

Funga mkanda kila ulipo. Ukikuta umekatika au umefichwa chini ya kiti, mwambie kondakta kabla ya safari kuanza. Kwa bodaboda, vaa kofia ngumu na uifunge kidevuni, kwa maana isiyofungwa hutoka kichwani kabla kichwa hakijafika chini. Kataa mshikaki: abiria wa pikipiki ni mmoja. Ukikodi Coaster kwa msiba au harusi, uliza dereva amelala saa ngapi, nani atampokea njiani, na kama gari lina leseni na bima halali. Ratiba ya mazishi huweza kusogezwa kwa saa chache. Familia isione haya kulala njiani.

Haki zako baada ya ajali

Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, humlazimu kila mwenye chombo cha moto kuwa na bima ya kuwakinga watu wengine. Bima hiyo humhusu abiria aliyeumia na mwenda kwa miguu aliyegongwa, na familia ya aliyekufa huweza kudai. Haimlipi dereva aliyesababisha ajali kwa majeraha yake mwenyewe, jambo ambalo vijana wa bodaboda wanapaswa kulielewa kabla ya kuamini kwamba stika iliyobandikwa inatosha.

Wengi hukosa fidia kwa kukosa kumbukumbu. Hifadhi tiketi, namba za magari yote yaliyohusika, fomu ya polisi ya PF3, taarifa ya polisi kuhusu ajali, vyeti vya hospitali na risiti zote za matibabu. Uhalali wa bima huweza kuhakikiwa kwa namba ya gari katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Kampuni ikikataa au ikichelewesha malipo bila sababu, peleka malalamiko TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Tunakushauri usitie sahihi ya kupokea kiasi kidogo cha kumaliza shauri ukiwa bado kitandani, kabla daktari hajaeleza ukubwa wa madhara. Wala usikae kimya mno: madai ya namna hii mahakamani kwa kawaida yana ukomo wa miaka 3.

Hitimisho

Barabara za Handeni na Korogwe zitaendelea kuwa na pilikapilika, na hatutamani ziwe vinginevyo. Tunachotamani ni kwamba gari linaloingia kijijini lipunguze mwendo, mvukaji aonekane, abiria asikizwe, na aliyeumia alipwe. Yako mambo yanayosubiri fedha na wahandisi. Daftari la ajali, meza ya machungwa iliyosogezwa nyuma, kofia iliyofungwa na watu wawili wenye tochi pande mbili za ajali havisubiri bajeti, na kijiji kinaweza kuvianza katika mkutano wake ujao.