Dabo 67 za Earl Webb

Mpwa wangu anayeishi Boston ndiye aliyenizoesha kufuatilia besiboli, mchezo ambao wengi wetu huku Pwani hatuna habari nao. Juzi aliniuliza: "Mjomba, wajua rekodi ya dabo za msimu mmoja ni ya nani?" Nikataja majina makubwa niliyowahi kuyasikia, Babe Ruth na wenzake. Yote nikakosa.

Kwanza, dabo ni nini? Waliocheza raunda shuleni watafahamu upesi. Mpigaji huugonga mpira kwa gongo, kisha hukimbia kutoka besi hadi besi. Akifika besi ya pili salama kwa pigo lake mwenyewe, si kwa makosa ya wapinzani, hiyo ni dabo. Ni mbio za futi 180, na mpira nao uko njiani warudishwa.

Mwenye rekodi ni Earl Webb wa Boston Red Sox, aliyepiga dabo 67 mwaka 1931. Hakuwa nyota. Alikuwa mtu wa Tennessee aliyewahi kufanya kazi katika migodi ya makaa ya mawe. Mwaka 1930 alipata dabo 30, mwaka 1932 akapata 28, na katika maisha yake yote ya ligi kuu alipata 155 tu.

Walimwengu hawakosi la kusema. Walimshuku kuwa akisimama besi ya pili makusudi, hata pale angeweza kufika ya tatu, ili hesabu ipande. Ni kweli kuwa msimu ule aliifikia besi ya tatu kwa pigo lake mara 3 pekee. Lakini hata ukimkata dabo kumi kwa shaka hiyo, zinabaki 57, na hizo si haba.

Kinachonishughulisha mimi ni miaka yenyewe. Waliofikisha dabo 60 kwa msimu ni sita tu, na wote ni wa kati ya 1926 na 1936. Tangu hapo hakuna, ingawa msimu umeongezwa kutoka mechi 154 hadi 162. Todd Helton alifika 59 mwaka 2000, Freddie Freeman naye 59 mwaka 2023. Wapigaji wa leo wanapenda zaidi kuurusha mpira nje ya uzio.

Na enzi hizo za Webb, mtu mweusi alifungiwa mlango wa ligi kuu hadi Jackie Robinson alipoingia mwaka 1947. Satchel Paige, mrushaji aliyeogopewa katika ligi za weusi, aliingia 1948, akiwa na umri wa miaka 42.

Nilipomweleza mpwa wangu hayo, akaniuliza kama nataka rekodi ya Webb ifutwe. La, zake ni zake. Nilimuuliza tu: lau Paige angekuwa akimrushia mwaka ule wa 1931, zingefika ngapi?

Mpaka naandika haya, hajanijibu.