Kolwezi Haiwezi Kuishi kwa Mpaka Mmoja

Agosti 2024 Zambia ilifunga mipaka yake na Kongo ya Kasumbalesa, Sakania na Mokambo, baada ya mvutano kuhusu bia na soda zilizokatazwa kuingia Kongo. Ilifunguliwa baada ya siku chache. Hata hivyo siku hizo zilitosha kuonyesha jinsi migodi ya Lualaba inavyopumulia tundu moja.

Wengi hudhani mpaka ukifungwa, shaba hukwama tu njiani. Hasara ni kubwa zaidi. Mawe ya oksaidi ya Kolwezi, yenye ule ukijani wa malakaiti, hayahitaji tanuru: husagwa, hulowekwa katika tindikali ya salfa hadi shaba iyeyuke, kisha umeme hupitishwa katika maji hayo na shaba safi hugandia kwenye mabamba. Salfa nyingi ya kutengenezea tindikali hiyo hutoka Ghuba, hupitia bandari ya Dar es Salaam na kuvuka Zambia kwa malori. Ikikosekana, uzalishaji nao husimama.

Ndiyo maana tanuru la mgodi wa Kamoa-Kakula, magharibi mwa Kolwezi, lina maana kubwa kuliko ukubwa wake. Linayeyusha mawe yenye salfa, na moshi wake hugeuzwa kuwa tindikali ambayo migodi jirani inaweza kununua. Kilichokuwa kikiagizwa ng'ambo kinapatikana papo hapo.

Kwa upande wa njia, Katanga ilikwisha kupata somo lake. Reli ya Benguela, iliyounganishwa na Katanga mwaka 1931, ilifika bandari ya Lobito bila kuzunguka kusini. Vita vya Angola vilipoanza mwaka 1975, ilikatika. Njia iliyobaki ndani ya nchi ilikuwa ile ya treni hadi Ilebo, mashua hadi Kinshasa, treni tena hadi Matadi: shaba ileile ilipakiwa mara tatu. Sehemu kubwa ya mzigo ikageukia kusini. Sasa Lobito inafufuliwa, na hilo ni jema, mradi isiwe badala ya Dar es Salaam bali nyongeza yake.

Lakini barabara ya Kasumbalesa huleta pia unga wa mahindi wa kupikia bukari, yaani ugali. Ukame wa Zambia wa 2024 uliwagusa wakaaji wa Manika, hapa Kolwezi, mezani. Serikali na wawekezaji wanaohesabu tani za shaba katika mipango ya Lobito wahesabu na magunia ya mahindi, na wasaidie mashamba ya Lualaba yenyewe yalimwe.