ASKARI T NA KANSERI YA TAYA: KWA NINI MWILI UNASHINDWA KUMWONA ADUI?



Kiisha masomo ya biolojia juu ya damu, wengi wameniuliza ulizo moja: "Kama mwili iko na askari wake, mbona kanseri inapita?" Ulizo ni zuri. Tena jibu lake halitoki mbali. Sehemu kubwa ilipatikana hapa Afrika yetu, kwa watoto wa Uganda na wa Kenya, katika ugonjwa ambao unaweza kumpata mtoto wa Salamabila vilevile. Ni kanseri ya taya, jina lake limfoma ya Burkitt.

1. UGONJWA WENYEWE

Mwaka 1957 Denis Burkitt, munganga mpasuaji wa lopitali ya Mulago huko Kampala, alionyeshwa mtoto mwanaume aliyevimba taya pande zote nne: juu na chini, kuume na kushoto. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, aliona mtoto mwingine mwenye taya za namna ileile, na tumbo lake lilikuwa na uvimbe pia. Burkitt akafungua daftari za lopitali, akakuta watoto wa namna hiyo si wachache. Mwaka 1958 aliandika habari zao. Mwaka 1961, yeye na waganga wenzake wawili walisafiri kwa motokari wiki 10, karibu kilomita 16,000, toka Uganda mpaka kusini ya Afrika, wakiuliza katika kila lopitali kama ugonjwa huo unajulikana.

Wakachora ramani. Ugonjwa ulionekana pale ambapo joto halishuki chini ya digrii 16 na mvua inapita sentimita 50 kwa mwaka. Sasa tazameni ramani ya darasani: Kabambare na Kasongo ziko ndani ya mkanda ule. Joto tunalo, mvua tunayo, mbu tunao, na malaria tunaijua sote.

Tarehe 22 Machi 1961 Burkitt alieleza habari za ugonjwa huu London. Mmoja wa wasikilizaji, Anthony Epstein, alifikiri kwamba huenda kuna virusi ndani yake. Vipande vya uvimbe vilitumwa kwa ndege toka Kampala, na mwaka 1964 yeye pamoja na Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza virusi vipya vilivyoonekana kwa mikroskopu ya elektroni. Ndivyo tunavyoviita leo virusi vya Epstein-Barr.

Lakini hapa kuna jambo la kushangaza. Virusi hivi wanavyo zaidi ya watu 90 kwa 100 wakubwa, duniani kote, mimi na wewe pia bila shaka. Vinaingia kwa mate tungali wadogo, vinakaa mwilini mpaka kufa. Basi, kwa nini hatuugui kanseri sote? Sababu ni askari T.

2. SHULE YA ASKARI T

Askari T ni seli nyeupe za damu. Zinazaliwa ndani ya mafuta ya mifupa, kiisha zinakwenda kusoma katika tezi moja iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, inayoitwa timusi. Herufi T imetoka katika jina hilo. Shule ile ni kali kupita yetu. Asiyeweza kutambua kitu anaanguka, na anayetaka kupiga mwili wake mwenyewe anaanguka pia. Na kuanguka pale ni kufa. Wanaopita mtihani hawafiki hata 5 kwa 100.

Askari aliyepita anatembea mwilini akikagua. Yeye haoni ndani ya seli. Anaangalia karti tu, sawa vile askari wa bariere anavyofanya njiani. Kila seli hukatakata protini zake vipande vidogo vidogo na kuvionyesha nje, juu ya ngozi yake. Kama vipande ni vya mwili wenyewe, askari anapita. Kama ni vya virusi, au ni vya protini iliyoharibika, askari anashika seli ile, anaitoboa, anatia ndani yake dawa inayoiamuru ijiue. Kazi hiyo ni ya askari wauaji. Wako wengine, wasaidizi, wanaowaita wenzao na kuwapa nguvu.

Jambo hili la karti liligunduliwa na Peter Doherty na Rolf Zinkernagel huko Australia mwaka 1974, wakapewa zawadi ya Nobel mwaka 1996. Mlishike vizuri, kwa maana kila kitu kinachofuata kinasimama juu yake: askari T hawezi kumwua adui asiyeonyeshwa.

3. KANSERI INAJIFICHA NAMNA GANI?

Katika seli ya limfoma ya Burkitt, kromosomu ya 8 imekatika, na mara nyingi kipande chake kimeungwa na kromosomu ya 14. Hapo jeni moja inayoitwa MYC inawaka bila kuzimika, na seli inazaa usiku na mchana. Uvimbe unaweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja au mbili. Hakuna kanseri nyingi zinazokwenda mbio namna hiyo.

Askari yuko wapi wakati huo? Yuko, lakini haoni. Virusi vilivyomo vimenyamaza; kwa kawaida vinatoa protini moja tu, EBNA1, nayo ina sehemu ndefu inayoifanya isikatwe vipande kwa wingi. Tena seli yenyewe imepunguza karti zake za nje. Basi askari anapita karibu, na adui amekaa kimya.

Malaria nayo inaongeza taabu. Inazichochea seli B za damu (ndizo makao ya virusi) zizae kwa wingi, na inawachosha askari. Watafiti wa Kenya na wa Marekani walilinganisha watoto wa Kisumu, ambako malaria haikomi mwaka mzima, na watoto wa Nandi, kule milimani, ambako ni haba. Mwaka 2007 waliandika kwamba watoto wa Kisumu walikuwa na askari T dhaifu zaidi mbele ya virusi vya Epstein-Barr. Sikilizeni vizuri: malaria peke yake siyo kanseri. Ila inamlegeza mlinzi, na mwizi anapata nafasi.

4. WATAFITI WANAJARIBU KUMFUNGUA ASKARI MACHO

Jaribio la kwanza ninalotaka kuwaeleza lilifanyika Kampala. Mwaka 1967 palianzishwa pale Mulago kituo cha kutibu limfoma, ambacho leo ni Taasisi ya Kanseri ya Uganda. Waganga John Ziegler na Ian Magrath waliwapa wagonjwa dawa za kanseri, kiisha wengine wakaongezewa chanjo ya BCG, ileile ya kifua kikuu, ili kuwaamsha askari wote wa mwili. Mwaka 1976 waliandika bila kuficha: BCG haikusaidia. Kupiga ngoma ili kambi nzima iamke hakutoshi, kama hakuna anayewaambia adui ni nani.

La pili lilifanyika New York. Watu 5 waliowekewa mafuta ya mifupa ya mtu mwingine walipata limfoma ya virusi hivihivi, kwa kuwa askari wao T walikuwa wamekwisha. Walipewa seli nyeupe za wale waliowatolea mafuta hayo. Mwaka 1994 matokeo yalichapishwa: uvimbe uliyeyuka kwa wote 5, ingawa 2 walikufa kwa shida ya kupumua. Toka hapo watu walijifunza kuwafundisha askari T katika maabara wavijue virusi vya Epstein-Barr, na Desemba 2022 Ulaya ilikubali dawa ya namna hiyo. Ugonjwa wa wale watu hauko sawa kabisa na wa Burkitt, maana seli zao huonyesha protini nyingi za virusi. Kwao karti iko wazi.

La tatu ni freni. Askari T ana freni zake, asije akapiga kupita kiasi, na kanseri nyingine hujifunza kuzikanyaga. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walionyesha namna ya kuziachilia, wakapata Nobel mwaka 2018. Dawa hizo zimesaidia watu wengi wenye kanseri ya ngozi na ya mapafu. Lakini freni inaachiliwa kwa anayejua njia. Asiyemwona adui atakwenda wapi?

La nne ni kumpa askari macho mapya. Wanatoa askari T katika damu ya mgonjwa, wanatia jeni inayomfanya ashike seli ya kanseri moja kwa moja, bila kuuliza karti, kiisha wanamrudisha mwilini. Agosti 2017 Marekani ilikubali tiba hiyo kwa watoto wenye kanseri fulani ya damu. Bei yake wakati ule ilikuwa dolari 475,000 kwa mgonjwa mmoja. Mnaona wenyewe umbali uliopo kati ya bei hiyo na sisi.

5. SISI TUFANYE NINI?

Tusikate tamaa, kwa maana kanseri hii haingoji dawa za dolari nyingi. Kwa sababu inazaa mbio, dawa za zamani kama siklofosfamidi zinaipiga kwa nguvu. Burkitt mwenyewe aliona watoto waliopona kwa dawa kidogo sana, akafikiri kwamba mwili wao ulimalizia kazi. Leo katika nchi tajiri wanapona karibu watoto 90 kwa 100. Kwetu wanapona wachache zaidi, na sababu moja kubwa ni kuchelewa.

Watu husema ni jino. Wengine husema ni kurogwa. Wanang'oa jino, wanachanja chale, wanangoja soko lijalo, na uvimbe ule hauwangojei. Basi, mwenye wadogo nyumbani, hasa wa miaka 4 mpaka 10, ashike alama hizi: taya inavimba upesi bila maumivu mengi, meno yanalegea bila kuoza, jicho linatoka nje, tumbo linajaa kwa siku chache. Ukiona hivyo, waambie wazazi mtoto afikishwe lopitali siku ileile, na mwombe munganga aangalie kama si kanseri. Wasikubali kung'oa jino na kurudi nyumbani tu.

Na chandarua kifungwe kila usiku, homa ya mtoto itibiwe bila kungoja. Kila malaria tunayoizuia ni mzigo tunaowatua askari wake.

Tumeona kwamba askari T ana nguvu, lakini hupiga kile alichoonyeshwa tu. Pale macho yake yanaposhindwa, sisi wakubwa wa nyumba tunayo macho yetu. Tuyatumie mapema.

Kapita wa wanafunzi,
Mwaka wa mwisho, Biolojia-Kemia