Uelekezaji otomatiki wa simu

Uelekezaji otomatiki wa simu ni kazi ya mtambo wa simu wa ofisi ya kuamua, bila mtu kukaa kwenye swichibodi, simu inayoingia ilie wapi na simu inayotoka ipitie njia gani. Mtambo hufuata kanuni zilizoandikwa na fundi.

Historia

Almon Strowger, mwenye biashara ya mazishi wa Kansas City, Marekani, alipata hataza ya swichi ya simu ya kujiendesha mwaka 1891. Husimuliwa kwamba alishuku wateja wake walikuwa wakiunganishwa na mshindani wake. Mtambo wa kwanza wa aina hiyo ulianza kazi La Porte, Indiana, mwaka 1892. Mwaka 1999 Mark Spencer alianzisha Asterisk, programu huria inayogeuza kompyuta ya kawaida kuwa mtambo wa simu.

Simu zinazoingia

Kanuni hutegemea namba iliyopigwa, saa na siku. Kwa mfano, kampuni iliyoko Segese, mkoani Shinyanga, yenye ofisi, karakana na geti inaweza kupanga simu za mchana zilie ofisini kwanza. Zisipopokelewa kwa sekunde 20 zihamie karakana. Na za usiku ziende kwa mlinzi getini.

Saa ya mtambo ni chanzo cha makosa mengi. Saa 2 asubuhi huandikwa 08:00. Fundi akiandika 02:00, ofisi "itafunguliwa" saa 8 usiku. Vilevile Afrika Mashariki iko saa 3 mbele ya saa ya kimataifa (UTC). Mtambo ulioachwa kwenye UTC utaanza ratiba ya mchana saa 5 asubuhi.

Kosa lingine ni mzunguko: karakana inahamishia simu ofisini, na ofisi inairudisha karakana. Kila mlolongo unapaswa kuwa na mwisho, kama vile kisanduku cha ujumbe wa sauti.

Simu zinazotoka

Mtambo hulinganisha tarakimu zilizobonyezwa na vielelezo. Namba ya tarakimu 3 inayoanza na 2 inaweza kuwa ya ndani. 028 na tarakimu 7 ni simu ya mezani ya Kanda ya Ziwa. 06 au 07 na tarakimu 8 ni simu ya mkononi. Zamani tarakimu za mwanzo zilitosha kuonyesha mtandao wa simu ya mkononi. Tangu Machi 2017 mteja nchini Tanzania anaweza kuhama mtandao bila kubadilisha namba, hivyo kanuni ya kuchagua njia nafuu kwa tarakimu hizo inaweza kukosea.

Namba za dharura

Baadhi ya mitambo humtaka mpigaji abonyeze 9 kwanza ili apate laini ya nje. Mwaka 2013 Kari Hunt aliuawa katika chumba cha hoteli mjini Marshall, Texas. Binti yake mdogo alipiga 911 mara kadhaa bila kupata msaada, kwa kuwa hakujua kwamba ilipaswa kutanguliwa na 9. Mwaka 2018 Marekani ilipitisha sheria yenye jina la Kari inayotaka 911 ipigwe moja kwa moja.

Nchini Tanzania kanuni za 112 (polisi) na 114 (zimamoto) zinafaa kutangulia nyingine zote, na namba hizo zisipewe simu yoyote ya ndani. Mtambo ukubali pia 9112, kwa kuwa mtu mwenye hofu hubonyeza alivyozoea.