Kazi ya Bustani na Hatari Zake

Mtu apitaye kando ya bustani nzuri, yenye majani yaliyokatwa sawasawa na maua yaliyopandwa kwa safu, hudhani ya kuwa kazi ya mtunza bustani ni kazi ya raha. Haoni moto wa mhunzi, wala mashimo ya wachimba madini. Aona mtu mmoja tu ameinama, na mkasi mkononi. Walakini katika kazi hiyo mmefichika hatari nyingi, na kwa kuwa zimefichika watu huzidharau. Hasa yampasa kuzijua yule aifanyaye kazi hii kwa malipo. Mwenye nyumba hukata majani yake mara moja moja. Lakini mtunza bustani wa kazi hukata kila siku, leo kwa huyu na kesho kwa yule. Akipoteza jicho au mkono, amepoteza na riziki ya watoto wake.

Hatari ya kwanza ni ya vyombo. Watu wengi huogopa panga kali, lakini panga butu hudhuru zaidi. Maana mtu hutumia nguvu nyingi, nalo huteleza likampiga mguu. Kwa hiyo panga hunolewa kwa tupa kabla ya kazi, na kazi ikiisha hufutwa na kutiwa alani. Reki huegemezwa ukutani, au hulazwa meno chini. Ikiachwa meno juu katika majani, mtu huikanyaga, na mpini huinuka ghafula ukampiga usoni. Tena afyekaye kwa fyekeo asikaribiwe na mwenzake, maana mkono ukitoka jasho, mpini huponyoka.

Mashine ya kukatia majani yataka uangalifu mkubwa zaidi. Kisu chake huzunguka kwa kasi, na kikikuta jiwe au kipande cha waya hukirusha mbali kwa nguvu nyingi. Basi mtunza bustani mwenye akili huokota mawe kwanza, huwaondoa watoto, kisha huvaa miwani ya kukinga macho, suruali ndefu na viatu vizito. Majani yakikwama, huzima mashine, akangoja hata kisu kimesimama kabisa, ndipo ayatoe kwa kijiti, si kwa vidole. Wala hatii petroli mashine ikiwa ingali moto, kwa sababu mvuke wa petroli huwaka upesi sana.

Hatari ya pili imo katika udongo wenyewe, nayo ni ugonjwa wa pepopunda. Zamani watu hawakujua watoka wapi. Mwaka 1884 daktari mmoja wa Ujerumani, Arthur Nicolaier, alitwaa udongo wa bustani, akautia chini ya ngozi ya wanyama wadogo, nao wakashikwa na pepopunda. Mwaka 1889 Mjapani mmoja, Kitasato Shibasaburo, aliyekuwa akifanya kazi Berlin, alifaulu kukikuza kijidudu cha ugonjwa huo peke yake, mbali na vijidudu vingine.

Kijidudu hiki hukaa udongoni na katika samadi miaka mingi bila kufa, nacho hakipendi hewa. Kwa hiyo tundu dogo la mwiba au msumari, liingialo ndani sana, laweza kuwa na hatari kuliko jeraha pana litokalo damu. Watu husema ya kuwa kutu ndiyo iletayo pepopunda, sivyo. Kutu haina ugonjwa. Wenye ugonjwa ni udongo ulioshikamana na msumari. Aghalabu baada ya siku 3 hata 21 taya hukazana, shingo na mgongo hukakamaa, na mtu aweza kufa. Lakini kinga yake ni nyepesi: kupata chanjo kabla ya hatari, kuvaa viatu na glavu, kuosha kila jeraha kwa maji na sabuni, na kwenda kwa mganga wa hospitali bila kukawia.

Hatari ya tatu ni dawa za kuulia wadudu na magugu. Sumu impatayo mdudu yaweza kumpata na mwanadamu, kwa kinywa, kwa pumzi, hata kwa ngozi. Vyombo vingi vya dawa hizi vina mstari wa rangi. Mwekundu ni alama ya sumu kali mno. Wa manjano humfuata. Kisha wa buluu. Na wa kijani ni wa mwisho. Lakini asidhani mtu ya kuwa kijani maana yake ni salama. Hata dawa hiyo hutumiwa kwa hadhari.

Mwenye kunyunyiza dawa husoma maandiko ya chombo kwanza, akapima kama yalivyoagiza, bila kuzidisha. Huchagua saa za asubuhi ambapo upepo umetulia, wala hanyunyizi akielekea upepo. Tundu la bomba likiziba, halipulizi kwa mdomo. Hali wala havuti tumbako mpaka amenawa kwa sabuni, na nguo zake hufuliwa mbali na nguo za nyumba. Zaidi ya yote, hamimini dawa katika chupa ya soda. Mtoto mwenye kiu akiiona chupa, hatauliza iliyomo, atakunywa. Na debe lililokwisha dawa halifai kuchotea maji, hata likioshwa mara saba. Mtu akiona kichwa chauma, jasho na mate vyamtoka sana, na macho yaona kiza baada ya kunyunyiza, apelekwe hospitali mara moja, na karatasi ya dawa ile ipelekwe pamoja naye, ili daktari ajue sumu iliyomwingia.

Ziko na hatari nyingine. Kifutu hulala kimya katika majani marefu. Basi mtu hutikisa majani kwa fimbo kabla ya kutia mkono. Aliyeumwa na nyoka asichanjwe wala asinyonywe jeraha, bali atulizwe asitembee, achukuliwe hospitali. Mzigo mzito huinuliwa kwa kukunja magoti, si kwa kuinamisha mgongo. Ngazi ya chuma haisimamishwi karibu na nyaya za umeme. Na jua la mchana huhitaji kofia, maji ya kunywa, na kupumzika kivulini.

Je, ni juu ya nani kuyaangalia haya? Tanzania ilitunga Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi mwaka 2003, na Kenya mwaka 2007. Sheria hizo humpasa mwenye kazi kuwalinda watu wake, kuwafundisha, na kuwapa vifaa vya kujikinga. Mfanyakazi naye hupaswa kuvitumia vifaa hivyo, na kutoa habari aonapo hatari. Mwenye kazi akinunua miwani, na kijana akaiacha mfukoni kwa kuogopa kuchekwa na wenziwe, miwani ile haikumfaa mtu. Tena kijana akiwa tayari kuvaa glavu, na mwenye kazi akaona fedha zake ni bora kuliko mikono ya mtu, kosa ni lake.

Wahenga walisema, "Ajali haina kinga." Neno hili ni la kumfariji aliyekwisha kupatwa, si ruhusa ya kulaza reki meno juu. Kwa mwenye kuanza kazi asubuhi, methali imfaayo ni hii: "Tahadhari kabla ya hatari."

Maswali
1. Kwa nini panga butu hudhuru kuliko panga kali?
2. Tundu dogo la msumari lina hatari gani?
3. Ni makosa gani mtu aweza kuyafanya kwa chombo cha dawa?
4. Taja kazi moja ya bustani ifanywayo kwenu, ueleze hatari yake na kinga yake.