Cheche katika Injini ya Volkswagen ya Zamani

Gari la Volkswagen la miaka ya 1960, lile lenye umbo la mgongo wa kobe, halina kompyuta. Karibu kila kazi ya umeme katika injini yake yaweza kufuatwa kwa macho, na kwa sababu hiyo ni mwalimu mzuri wa fizikia.

Betri yake hutoa volti 6 au 12 tu, kutegemea mwaka wa gari, ilhali cheche ya plagi huhitaji maelfu ya volti. Ongezeko hilo hufanywa na koili, yaani waya mbili zilizozungushiwa chuma kimoja: wa kwanza mnene, wenye mizunguko mamia kadhaa, wa pili mwembamba sana, wenye mizunguko maelfu mengi. Mkondo upitao katika waya wa kwanza hujenga uga wa sumaku. Pointi za distribyuta zikiachana, mkondo hukatika ghafla, uga huporomoka, na kwa mujibu wa kanuni aliyoigundua Faraday mwaka 1831, volti kubwa huzuka katika waya wa pili. Msomaji azingatie kwamba cheche hutokea pointi zinapoachana, wala si zinapogusana. Kondensa huzuia umeme usiruke baina ya pointi. Ikifa, pointi huungua na cheche hudhoofika.

Sasa tufuate waya. Ule utokao kwenye swichi ya ufunguo huingia katika ncha ya koili yenye namba 15. Kutoka ncha namba 1, mwingine huenda kwenye distribyuta, na ule mnene wa katikati huenda kwenye kofia yake. Humo rota huzunguka kama mishale ya saa, ikigawa cheche kwa taratibu ya silinda 1, 4, 3, 2. Waya zikikosewa, cheche yaweza kufika wakati valvu ya kuingizia imefunguka; moto hurudi kwenye kabureta, na iwapo petroli inavuja, gari laweza kuteketea.

Pointi hupimwa kwanza: ziachane kwa milimeta 0.4 nundu inapozisukuma kabisa. Kisha puli huzungushwa hadi alama yake ilingane na mstari unaounganisha nusu mbili za injini, rota ikielekea alama ya silinda ya kwanza iliyochongwa kwenye ukingo wa distribyuta. Taa ndogo yenye volti sawa na za betri hufungwa kati ya ncha namba 1 na bodi ya gari, na ufunguo hufunguliwa. Distribyuta huzungushwa kama mishale ya saa mpaka taa izimike, halafu hurudishwa polepole. Papo hapo taa iwakapo, pointi zimeachana, na skrubu hukazwa. Ufunguo usiachwe wazi muda mrefu injini ikiwa imesimama, kwa maana koili hupata joto na kuharibika.

Katika distribyuta nyingi za injini hizi, nundu ya silinda ya 3 ilichongwa ili ichelewe kidogo, kwani kipoza oili kilikaa kwenye njia ya hewa na kuifanya silinda hiyo ipate joto kuliko wenzake. Hilo si kosa la fundi.

Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda huhitaji cheche moja katika mizunguko miwili. Mwanafunzi akikokotoa ataona kuwa pointi huachana mara 100 kwa sekunde. Kipande kinachosuguana na nundu hulika, nafasi hupungua, na cheche huchelewa kidogo kidogo bila dereva kutambua, mpaka siku gari linaposhindwa kupanda mlima liliouzoea.