Mashine ya Boti Ikikataa Kuwaka Baada ya Kusi

Vyama vya uvuvi vinakumbushwa kwamba mashine iliyolala miezi mitatu ikikataa kuwaka, kosa mara nyingi limo katika petroli, wala si katika plagi ambazo wengi hukimbilia kununua. Petroli iliyokaa hupoteza nguvu na kuacha utando wa kunata unaoziba vitundu vya kabureta. Mimineni kidogo katika chupa ya kioo: maji, yakiwamo, yatatuama chini. Hapo toeni mafuta yote, msafishe tangi, chujio na kabureta, mbali na moto. Mashine inayowaka kwa kusitasita isipelekwe baharini. Katika mashine zitumiazo petroli iliyochanganywa na oili, tundu lililozibwa nusu huinyima pistoni oili pia, nayo hukwama.